STI ya 2009 kwa mtu wa Ruaka: nunua historia yake, usinunue mlio wake

Swali: “Habari yako, Fundi. Mimi ni muuguzi. Naishi Ruaka na nafanya kazi Upper Hill, zamu za mchana na za usiku. Tangu Safari Rally iliporudi kwenye mashindano ya dunia pale Naivasha mwaka 2021, nimekuwa nikiweka akiba ninunue Subaru Impreza WRX STI. Sasa nimepata moja ya 2009, hachibaki ya bluu, gia za mkono. Mwenyewe anataka milioni 2.3, na mimi nina milioni 2.5. Anasema imefanyiwa ‘steji ya pili’ na sasa ina nguvu farasi 380. Litakuwa gari langu la pekee. Kaka yangu anasema nitalia. Ninunue?”

Dada yangu, nikupe jibu kwanza, halafu tukae tuzungumze. Ndoto yako ni nzuri na sitaki uiache. Lakini gari hilo, likiwa limeshachokolewa injini na likikuachia laki 2 tu mkononi, usilinunue. Tafuta STI ambayo haijaguswa, hata kama haina mlio wa kugeuza vichwa pale stendi ya Ruaka, na ubaki na angalau laki 5 pembeni. Kaka yako hajakosea kuhusu machozi. Anachokosea ni kudhani yanaletwa na aina ya gari. Yanaletwa na mikono iliyolipitia kabla yako.

Nimefungua injini za Subaru zenye turbo kwa miaka mingi hapa Industrial Area, na STI yangu mwenyewe ninayo tangu 2012. Naipenda. Hayo nitakayokuambia yametoka kwenye penzi hilo, na mengine yametoka kwenye hasara.

Tuanze na gari lenyewe, kwa sababu Nairobi hii jina STI limebandikwa juu ya magari mengi yasiyo STI. Beji ni ya bei rahisi, bawa la nyuma ni la bei rahisi, na rangi ya bluu ipo kwenye kila duka la rangi. Kisichodanganya ni namba ya chasisi. Hachibaki halisi ya STI, iliyoanza kuuzwa Japani Oktoba 2007, namba yake huanza na GRB. Ndani yake kuna injini ya EJ207 ya lita 2, silinda nne zimelala mbilimbili kila upande, zikitoa nguvu farasi 308 na torki (nguvu ya kusokota) ya Nm 422, na giaboksi ya mkono ya gia 6. Ukikuta namba inaanza na GH8, hiyo ni Impreza S-GT yenye nguvu farasi 250. Ni gari zuri, ila bei yake haipaswi kuikaribia ya STI. Ukikuta GRF, hiyo ni A-Line, injini ya lita 2.5 na gia za automatiki, kwa hiyo ikiwa unauziwa gari la Japani la gia za mkono na chasisi inasema GRF, kuna mtu amebadilisha mengi na anadaiwa maelezo.

Kuna kipimo kingine kisichohitaji karatasi: mabega. Mwili wa GRB una upana wa milimita 1,795, na wa GH8 ni 1,740. Simama nyuma ya gari utazame matao ya magurudumu. STI halisi imevimba kama mtu aliyebeba ndoo mbili za maji, na uvimbe huo ni wa bati lenyewe, haukugundishwa. Ukiona plastiki iliyoshikizwa kwa skrubu, rudi nyumbani.

Jambo la pili ni umri. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, kwa hiyo gari la 2009 liliingia kabla ya 2017 kuanza. Maana yake ni kwamba limeshakula matuta, vumbi na petroli yetu kwa miaka mingi, na yale maneno ya “limetoka Japani juzi” hayawezekani. Nunua mwenyewe rekodi ya gari kupitia eCitizen, uone jina lililoko kwenye logibuku na kama kuna benki au mkopeshaji anayelidai. Kisha tumia namba ya chasisi kutafuta karatasi ya mnada wa Japani. Itakuonyesha kilomita lilizokuwa nazo lilipouzwa huko, na hali yake. Nimewahi kuletewa gari ambalo dashibodi ilisoma kilomita 92,000 huku karatasi ya mnada ikisema lilipanda meli likiwa na 118,000.

Sasa nifike kwenye “steji ya pili”, kwa kuwa hapo ndipo nataka unisikilize kwa makini kuliko popote.

Turbo ni pangaboi mbili kwenye mhimili mmoja. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha la kwanza, nalo la pili linasukuma hewa ndani ya silinda. Hewa zaidi, petroli zaidi, nguvu zaidi. Ukiongeza mgandamizo kwa kubadilisha programu ya kompyuta ya injini na kupanua ekzosti, ndiyo hiyo steji ya pili ya wauzaji. Kwenye karatasi ni rahisi. Tatizo ni kwamba Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni pungufu ya lile la Mombasa kwa karibu asilimia 18. Gari lisilo na turbo linapoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, ndiyo sababu Probox inayokimbia vizuri Mtwapa huhema ikipanda Uplands. Gari la turbo hufidia upungufu huo, na watu wengi hapa husema, kwa haki, kwamba turbo ndiyo dawa ya miinuko yetu. Lakini dawa hiyo ina gharama. Chukua mfano: injini inataka hewa yenye shinikizo la bar 2 kamili. Mombasa, turbo inaanza na bar 1, kwa hiyo inaikandamiza hewa mara 2. Nairobi inaanza na bar 0.82 hivi, kwa hiyo lazima iikandamize karibu mara 2.4 ili ifike palepale. Inazunguka kwa kasi zaidi, na hewa inatoka ikiwa na joto zaidi. Ukipanda hadi Limuru, zaidi ya mita 2,200, hesabu inazidi kuwa ngumu. Kwa hiyo gari hili likiwa vile lilivyotoka kiwandani tayari linafanya kazi ya ziada kila asubuhi unapoondoka nyumbani. Anayeliongezea mzigo juu ya hapo anapaswa kujua anachofanya.

Ongeza petroli kwenye hesabu hiyo. Kule Japani STI ilipangiwa petroli ya daraja la juu, ambayo huko huuzwa ikiwa na okteni karibu 100. Super ya kawaida ya pampu zetu haifiki hapo. Okteni ni uvumilivu wa petroli: inasema mchanganyiko wa hewa na mafuta unaweza kubanwa na kupashwa joto kiasi gani kabla haujalipuka wenyewe bila kungoja cheche ya plagi. Ukilipuka kabla ya wakati, pistoni inayopanda hukutana na nyundo inayoshuka. Mara moja, haidhuru. Mara elfu, ule ukingo mwembamba wa pistoni ulio kati ya ringi na ringi hupasuka.

Hili sikulisoma mahali. Mwaka 2014 karakana moja ilinibadilishia programu ya injini na kuniambia ni steji ya pili iliyojaribiwa. Baadaye niligundua lilikuwa faili la kupakua tu, limeandikwa kwa petroli ya nchi nyingine, na hakuna aliyelipima kwenye gari langu. Nilifurahi miezi minne. Jumapili moja nikitoka Naivasha, nikipanda kuelekea Kinungi, niliacha gia ya 5 na kukanyaga hadi chini kwa sababu nilipenda vile gari lilivyovuta bila kubadili gia. Lilivuta, kisha likaanza kutetemeka, na kwenye kioo nikaona moshi wa bluu umefunika barabara. Tulipofungua injini, pistoni ya silinda ya 4 ilikuwa imevunjika ukingo. Nililala siku nyingi nikifikiria pesa zile.

Nina hakika kabisa kwamba injini hizi zinaweza kuongezwa nguvu kwa usalama. Inafanyika kwa kupima gari lenyewe, kwa petroli ya hapahapa, kwenye mwinuko wa hapahapa, likiwa na injekta na pampu ya petroli zinazotosha, na fundi akisoma kila mlipuko unaosikika. Kwa hiyo mwulize huyo muuzaji maswali matatu. Nani aliandika programu hiyo? Rekodi za vipimo ziko wapi? Programu ya asili iko wapi? Akikosa jibu la moja tu kati ya hayo, zile nguvu farasi 380 zihesabu kama deni.

Kompyuta ya injini yenyewe inaweza kukupa jibu. Subaru za miaka hiyo huhifadhi namba inayoonyesha jinsi zinavyoiamini petroli na hali ya injini. Mafundi wanaijua kwa herufi IAM. Kwenye gari kama hilo, IAM ikiwa 1 maana yake kompyuta imeridhika na inatoa cheche kwa wakati wake wote. Ikiwa chini ya hapo, imesikia milipuko na imerudi nyuma kujilinda. Fundi mwenye programu sahihi kwenye kompyuta ndogo anaisoma kwa dakika 5. Jihadhari na jambo moja: ukichomoa betri, namba hiyo hurudi kwenye thamani ya kuanzia. Ukifika ukakuta saa ya dashibodi imepoteza majira, uliza kwa nini betri ilichomolewa asubuhi hiyohiyo.

Kipimo ninachokisisitiza kuliko vyote ni cha kompresheni, yaani jinsi kila silinda inavyobana hewa, kikifuatiwa na kile cha kuingiza hewa ndani ya silinda na kusikiliza inavujia wapi. Kwenye Subaru plagi zimelala ubavuni, hivyo kazi ni ngumu kidogo na fundi mvivu atakwambia haina haja. Ina haja. Unataka namba 4 zinazokaribiana. Silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, shukuru uondoke. Tazama hasa ya 4, ndiyo inayoumia kwanza mara nyingi.

Belti ya taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000, pamoja na pampu ya maji na vile viroli vyake. Ikikatika, valvu hukutana na pistoni na hakuna cha kuokoa. Kama hakuna risiti inayoonyesha lini ilibadilishwa, ihesabu kuwa haijabadilishwa na uipunguze kwenye bei.

Tuseme sasa umepata nzuri. Maisha yake hapa yakoje?

Oili kwanza. Kitu kinachoua injini nyingi za EJ kama hii ninazoletewa ni oili kupungua bila mwenyewe kujua, hadi beringi za konrodi, vile vyuma vinavyoshika pistoni kwa chini, zinakauka na injini inaanza kugonga. Injini hii hunywa oili kidogo hata ikiwa nzima, hasa ukiibana. Taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi ni taa ya shinikizo. Haikuonyi kwamba kiwango kimeshuka, na ikiwaka umeshachelewa. Basi zoea kuchomoa kijiti cha oili kila unapojaza petroli kwa mara ya pili, gari likiwa limesimama sawasawa na limepoa, na uweke chupa ya lita 1 kwenye buti. Badilisha oili kila kilomita 5,000 au miezi 6, kinachotangulia, ukitumia ya sintetiki tupu, 5W-30 au 5W-40, kutoka duka unaloliamini. Oili bandia zimejaa mjini, na hapa bei ya chini isikuvutie hata siku moja. Kuna akina dada na akina kaka walionunua oili ya bei poa kando ya barabara kwa gari la milioni 2, na mimi ndiye niliyewapa habari mbaya.

Petroli: tumia ile ya okteni ya juu ambayo baadhi ya vituo huiuza pembeni ya super ya kawaida, na usichanganye kila wiki. Mjini, kwa msongamano wa kutoka Ruaka kupitia Muthaiga hadi Upper Hill, tegemea kilomita 6 hadi 8 kwa lita. Piga hesabu hiyo leo, kwa bei ya mafuta ya leo, mara siku zako za kazi. Ikikukereketa kwenye karatasi, itakuumiza zaidi kwenye pampu.

Joto ni jambo lingine. Tundu lile kubwa kwenye boneti linapeleka upepo kwenye intakula, kile kipoza hewa kinachokaa juu ya injini. Gari likitembea, kinapoa. Likisimama nusu saa pale Ngara, kinapikwa na injini iliyo chini yake, na hewa inayoingia kwenye silinda inakuwa ya moto. Ukitoka kwenye jemu, usikanyage mara tu njia inapofunguka. Mpe dakika 2 au 3 za mwendo wa kawaida apate upepo. Asubuhi vivyo hivyo: mshale wa joto la maji hufika katikati mapema, lakini oili bado nzito. Dakika 10 hadi 15 za kwanza endesha kama umebeba mgonjwa, jambo ambalo wewe unalijua kuliko mimi. Na ukishapanda mlima kwa nguvu, dakika za mwisho kabla ya kuzima ziwe za upole, turbo ipoe ikiwa bado inazunguka na oili bado inapita.

Na lile kosa langu la Kinungi: usiibane injini ikiwa kwenye mizunguko ya chini na gia ya juu. Unapopanda kutoka Mai Mahiu, shuka gia ya 4 au ya 3. Injini ikilia kidogo inapumua vizuri kuliko ikinyamaza huku imebeba mlima.

Sasa tairi. Hapa ndipo watu wenye nia njema huharibu gari wakidhani wanabana matumizi. Gari hili linasukuma magurudumu yote manne, na katikati kuna difu inayogawa nguvu mbele na nyuma. Kwenye STI inaitwa DCCD, na ina kitufe cha kuirekebisha ukiwa kitini. Difu hiyo inatarajia tairi zote nne zizunguke sawa kwenye barabara iliyonyooka. Ukipasukiwa na tairi moja kwenye shimo, ukanunua moja mpya ukaiweka na tatu zilizokwisha, ile mpya ni kubwa kidogo, na difu inahangaika kila mita unayoenda kana kwamba uko kwenye kona isiyoisha. Subaru wanataka tofauti ya mzingo kati ya tairi isizidi milimita 6.4. Hiyo ni chini ya sentimita 1, na huoni kwa macho. Kwa hiyo nunua nne kwa pamoja, aina moja, na zizungushe nafasi kila kilomita 10,000 ili ziishe sawa. Pesa za tairi nne ziweke pembeni kama za kodi ya nyumba.

GRB nyingi zilikuja na tairi za 245/40 kwenye rimu za inchi 18. Ubavu wake ni mwembamba, na mashimo yetu baada ya mvua huupasua. Ningekuwa wewe ningetafuta rimu za inchi 17 zinazopita kalipa za Brembo (vile vibano vikubwa vya breki), nipate ubavu mnene zaidi. Na usiteremshe gari. Vijana wengi hukata springi ili liwe chini kama la picha za Tokyo, kisha bampa la mbele linabaki kwenye tuta la kwanza. Fikiria magari yaliyoshinda Safari: Subaru Impreza ya Colin McRae mwaka 1997 na ya Richard Burns mwaka 2000. Yote yalikuwa yameinuliwa, yamefungwa bomba refu la kuvutia hewa na vyuma vya kukinga mbele. Wale waliojua barabara za Kenya kuliko wote hawakulishusha gari hilo.

Siku likikuharibikia njiani, usikubali livutwe huku magurudumu mawili yakiwa juu na mawili yakiburuzwa. Nilipokea gari la mteja lililovutwa hivyo kutoka Mlolongo hadi kwangu. Lilikuwa limeharibika rediaeta tu. Lilipofika, difu ya katikati ilikuwa imeungua pia. Agiza lori la kubebea, gari zima lipande juu. Hifadhi namba ya mwenye lori kwenye simu leo, kabla hujaihitaji saa 9 usiku ukitoka zamu.

Kuhusu kuendesha, nitasema machache. Magurudumu manne yanakusaidia kuondoka na kukamata kona. Hayakusaidii kusimama. Breki za gari hili zinategemea tairi kama za Vitz, na Barabara ya Limuru ikinyeshewa baada ya kiangazi kirefu ni utelezi wa oili na vumbi. Wengi huanguka hapo, kwa sababu gari halikuwaonya: liliongeza mwendo bila kuteleza hata kidogo, wakadhani litasimama vivyo hivyo. Vilevile turbo hii haiamki chini. Hadi mizunguko 3,000 hivi gari ni la kawaida, kisha nguvu zinakuja kwa pamoja. Jifunze mahali zinapoamkia ukiwa kwenye barabara tupu, kamwe usijifunzie katikati ya kona.

Barabara ya juu ya Nairobi, ile ya kulipia, kikomo chake ni kilomita 80 kwa saa, na STI inafika 80 kabla hujamaliza kusema jina lake. Wanaoshindana usiku kwenye Barabara ya Thika nawajua baadhi yao. Wawili nilienda kuwazika. Ukitaka kulijua gari lako lote, nenda Whistling Morans kule Athi River siku kunapokuwa na mashindano ya wazi, uvae helmeti, ulipe kiingilio, uendeshe hadi tairi zilie. Siku moja ya hapo itakufundisha zaidi ya mwaka mzima wa Waiyaki Way, na hakuna mtoto anayevuka.

Bima ikate kubwa, na uwaambie ukweli kuhusu chochote kilichobadilishwa kwenye gari. Steji ya pili isiyotajwa kwenye fomu inaweza kukunyima fidia siku unayoihitaji. Weka pia kifaa cha kufuatilia gari, maana taa, viti na kompyuta za STI zina soko.

Umesema litakuwa gari lako la pekee, na hili ndilo linanipa wasiwasi kuliko umri wake. STI ya 2009 italala gereji siku kadhaa kila mwaka, hata ukiitunza kama yai. Spea nyingi utazipata Grogan na Kirinyaga Road, zilizotumika kutoka Japani, lakini baadhi za GRB lazima ziagizwe na uzingoje. Nawe huwezi kumpigia msimamizi wa wodi kila mara ukamwambia rediaeta. Kama unaweza kuvumilia matatu na teksi wiki hizo, sawa. Kama huwezi, tazama Forester XT: turbo ileile ya familia hiyo, nafasi zaidi chini ya tumbo, na karibu kila fundi wa Nairobi amewahi kuifungua. Ipo pia WRX S4, ambayo zile za miaka yake ya mwisho umri wao bado unaruhusu kuingizwa kutoka Japani. Ina injini mpya ya FA20 yenye cheni badala ya belti, ila gia zake ni za CVT, aina ya automatiki isiyo na hatua, na kwa jinsi ulivyoandika “gia za mkono” nadhani hiyo haitakutosha.

Basi fanya hivi. Mpigie muuzaji umwambie utafika saa 1 asubuhi, na umwombe asiwashe injini kabla hujafika. Ukifika, weka mkono juu ya boneti. Ikiwa ya moto, ameshaipasha ili usisikie kitu. Ikiwa baridi, mwambie awashe huku wewe umesimama mbele, na usikilize dakika 5 za mwanzo. Mlio mkavu wa kugonga kutoka chini, unaokwenda na mizunguko ya injini na usioisha inapopata joto, ni beringi. Mlio hafifu kama wa kokoto unaopotea baada ya dakika chache unaweza kuwa pistoni zinazotanuka tu, lakini unidai maelezo yake baada ya kipimo. Kisha lipeleke gari kwa fundi ambaye si rafiki wa muuzaji, umlipe wewe mwenyewe, apime silinda zote. Ukipata zile namba 4 na ya IAM, niandikie zote 5 kama zilivyo, pamoja na herufi za kwanza za chasisi, na nitakwambia ni bei gani ningelipa mimi.